Nyama ya Porini: Nani Ameipima?

Zamani wawindaji wa Kikamba walitumia upinde na mishale ya sumu. Swara akianguka, waliikata na kuitupa nyama iliyozunguka jeraha. Iliyobaki ilichomwa, nyingine ikakaushwa ikae siku nyingi. Walijua mnyama amekufaje kwa sababu walimuua wenyewe.

Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini nyama hiyo bado huuzwa kwa siri. Ati ni tamu na bei nafuu! Jamani, ikiwa mnyama aliokotwa amekufa kwa kimeta? Hata anayemchuna huweza kuambukizwa, na vijidudu vyake huweza kustahimili maji ya kuchemka. Nyama ya buchani hukaguliwa ikapigwa muhuri. Ya gunia, muhuri uko wapi? Majuto ni mjukuu.