Modeli za Mfumo na Ujenzi wa Mifumo ya Habari za Uongozi



Wengi wetu tulio ughaibuni tumewahi kupigiwa simu kutoka nyumbani: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta, hebu tusaidieni tupate mfumo." Inaweza kuwa shule, zahanati au chama cha kuweka na kukopa. Basi watu wanachanga, mashine zinanunuliwa, programu inawekwa, na baada ya muda karani anarudi kwenye daftari lake. Lawama hupewa umeme au karani, lakini mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, pale mfumo ulipochorwa.

Modeli ni nini?

Kazi ya mfumo wa habari za uongozi ni kukusanya data za kila siku, kuzichambua, na kumpa kiongozi taarifa ya kumsaidia kuamua. Kabla ya kuandika programu, mchambuzi huchora modeli, yaani picha ya kazi ilivyo. Upo mchoro wa mtiririko wa data, unaoonyesha habari inatoka kwa nani, inapita wapi na inaishia wapi. Upo pia mchoro wa vitu na uhusiano wake, alioueleza Peter Chen mwaka 1976: kwa mfano, mwanachama mmoja anaweza kuwa na mikopo kadhaa, na kila mkopo una wadhamini wake.

Modeli ni kama ramani, lazima iache mambo mengi nje. Hatari inakuja pale kilichoachwa ndicho kinachoiendesha kazi yenyewe. Na anayekijua ni yule anayeifanya kazi, sio mchoraji.

Njia za kujenga

Njia inayojulikana zaidi ni ile ya maporomoko ya maji: unakusanya mahitaji, unasanifu, unaandika programu, unajaribu, unakabidhi. Kila hatua humalizwa ndipo ianze inayofuata. Watu humtaja Winston Royce, aliyechora hatua hizo mwaka 1970. Wanachosahau ni kwamba katika makala ile ile Royce alionya kuwa kuzifuata hivyo hivyo moja kwa moja ni hatari, maana majaribio yanakuja mwishoni, wakati kurekebisha kumeshakuwa ghali. Baadaye, katika miaka ya 1980, Barry Boehm alileta modeli ya mzunguko: unajenga kidogo, unapima hatari, unajaribu, unarudia tena.

Tofauti kubwa ya njia hizi ni moja tu: mtumiaji anapata lini nafasi ya kusema "hapana, kazi yetu haiendi hivyo"?

London, 1992

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilikuwa ikifanya kazi kwa karatasi. Mpokea simu anaandika fomu, anatafuta mahali kwenye kitabu cha ramani, fomu inapita kwenye mkanda hadi kwa wagawaji, kisha gari linaitwa. Tarehe 26 Oktoba 1992 kazi hiyo ilikabidhiwa kompyuta, jiji zima kwa mara moja.

Modeli ya mfumo ule ilichukulia kwamba kompyuta itajua wakati wote kila gari liko wapi na lina kazi gani. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Kuna sehemu redio hazishiki, wahudumu walibonyeza vitufe visivyo sahihi, au walichukua gari jingine kuliko lile walilopangiwa. Kompyuta ikaanza kutuma magari mawili mahali pamoja, au gari la mbali wakati la karibu lipo. Wagonjwa wakapiga simu tena kuuliza, na simu hizo zikazidisha msongamano. Tarehe 4 Novemba mfumo ukaganda kabisa, kwa sababu kijisehemu cha programu kilikuwa kikila kumbukumbu ya seva bila kuiachia. Wakarudi kwenye karatasi. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 1993 ililaumu, pamoja na mengine, ratiba ya haraka, majaribio yasiyotosha na wafanyakazi kutoshirikishwa vya kutosha. Mfumo mwingine ulioanza mwaka 1996 ulijengwa hatua kwa hatua pamoja na watumiaji wenyewe, na ukakubalika.

Kenya, 2005 hadi 2007

Sasa tulinganishe na mfumo ambao wengi wetu tunautumia kutuma pesa nyumbani. M-Pesa haikuanza na lengo hilo. Majaribio ya Oktoba 2005, yaliyofanywa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, yalikuwa ya wateja wachache, wasiofika 500, na shabaha ilikuwa kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wajenzi wakaangalia watu wanavyoitumia. Wakakuta wateja wanatumiana pesa, wanawanunulia jamaa wa shamba muda wa maongezi, na wengine wanaweka pesa kabla ya safari ili wazitoe wakifika. Upande wa mikopo nao ulikuwa mzito, maana kulinganisha hesabu na mfumo wa taasisi kulileta kazi nyingi. Basi modeli ikabadilishwa, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa. Mtumiaji alisahihisha mchoro wakati gharama ya kuusahihisha bado ni ndogo.

Tukipigiwa simu tena

Kabla ya kuuliza ni mashine gani inunuliwe, tukae na karani siku mbili tatu. Tumuulize: stakabadhi ikipotea unafanyaje? Mwanachama akilipa nusu je? Mwenye jina linalofanana na la mwenzake unamtambuaje? Majibu hayo ndiyo modeli. Kisha tuanze na sehemu moja, tuseme michango peke yake, na daftari lisiwekwe kabatini mpaka hesabu zake na za kompyuta zilingane kwa miezi kadhaa mfululizo. Ni polepole kweli, lakini pesa zilizomo ni za watu.