Vijiji vya Ufaransa na lugha zilizonyamazishwa

Mkenya akitajiwa Ufaransa, aghalabu fikira zake hukimbilia Paris: mnara wa Eiffel, mitindo ya mavazi na manukato ya bei ghali. Sina ugomvi na Paris. Hata hivyo, anayetaka kufahamu jinsi taifa hilo lilivyoundwa, na hasa anayejishughulisha na taaluma ya lugha, hana budi kulipa jiji hilo kisogo na kushika njia ya mashambani. Huko ndiko nilikoelekea baada ya kumaliza shughuli za kongamano, na ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi machache niliyoyaona, maadamu baadhi yake yanatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Villers-Cotterêts, mji mdogo uliopakana na msitu mkubwa wa Retz, takriban kilomita 80 kaskazini mashariki mwa Paris. Katika kasri lililopo hapo, Mfalme François wa Kwanza alitoa amri ndefu mnamo Agosti 1539. Amri hiyo ilikuwa na vifungu 192, na viwili kati yavyo, cha 110 na cha 111, ndivyo vilivyolipatia kasri hilo umaarufu. Viliagiza kwamba hukumu na hati za mahakama ziandikwe kwa uwazi usioacha shaka, tena ziandikwe kwa lugha mama ya Kifaransa badala ya Kilatini. Wataalamu wa sheria na wa lugha wangali wanabishana kuhusu maana ya maneno hayo. Je, mfalme alikusudia Kifaransa cha Paris peke yake, au lugha mama yoyote iliyozungumzwa katika milki yake? Yamkini shabaha yake ya awali ilikuwa kukiondoa Kilatini mahakamani, wala si kuzimaliza lugha za raia wake. Lakini sheria ni kama mbegu. Aipandaye hana uwezo wa kuchagua nani atakayevuna.

Kasri lenyewe lilipitia misukosuko mingi, likaishia kuwa makao ya wazee hadi mwaka 2014. Lilikarabatiwa, na mnamo Oktoba 2023 likafunguliwa kuwa kituo cha kimataifa cha lugha ya Kifaransa. Ikumbukwe pia kwamba katika mji huo ndipo alipozaliwa mwandishi Alexandre Dumas mwaka 1802. Babake, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa na mama mtumwa mwenye asili ya Kiafrika katika kisiwa ambacho leo kina nchi ya Haiti. Kwa hiyo mmoja wa waandishi wanaosomwa zaidi katika Kifaransa alikuwa mjukuu wa mtumwa, na alizaliwa karibu na kasri lile lile. Sijui ni walimu wangapi wa fasihi huwaambia wanafunzi wao habari hiyo.

Kutoka hapo nilisafiri kuelekea kusini magharibi hadi eneo la Périgord, katika bonde la mto Vézère. Ni nchi ya mawe ya chokaa, misitu ya michesti na mialoni, mashamba ya jozi, na majabali yaliyoinamia mto kana kwamba yanataka kunywa maji. Mto Vézère hukutana na Dordogne kwenye kijiji cha Limeuil. Ukifuata Dordogne kuelekea linakochomoza jua, utaona makasri mawili yaliyotazamana kutoka ng'ambo mbili za mto: Beynac na Castelnaud. Katika Vita vya Miaka Mia, kati ya 1337 na 1453, Beynac lilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa, ilhali Castelnaud lilishikwa kwa muda mrefu na upande wa Waingereza. Hii leo watalii hupita katikati yao kwa mitumbwi, wakila aiskrimu.

Mbele kidogo, katika wilaya ya Lot, kuna shimo la Padirac, lenye kina cha mita 75, ambalo mtafiti Édouard-Alfred Martel aliliteremkia mwaka 1889. Wageni wamekuwa wakiingia humo tangu 1898, na hupanda mashua kwenye mto unaopita zaidi ya mita 100 chini ya ardhi. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba shimo hilo lilitokana na kishindo cha kisigino cha Shetani. Nami nilipochungulia, sikuwalaumu.

Almuradi, kilichonivuta huko zaidi ya yote ni mapango. Les Eyzies ndipo mafundi waliokuwa wakichimba njia mwaka 1868 walipofukua mifupa ya watu wa kale wanaojulikana kwa jina la mahali hapo, Cro-Magnon. Na karibu na mji wa Montignac, tarehe 12 Septemba 1940, vijana wanne waliingia katika pango la Lascaux na kukuta kuta zilizojaa mafahali, farasi na kulungu, waliochorwa kwa rangi za udongo na madini yapata miaka 17,000 au zaidi iliyopita. Fahali mmoja ana urefu unaozidi mita 5. Pango lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na watu wakamiminika. Kufikia miaka ya hamsini, zaidi ya wageni elfu moja waliingia kwa siku. Pumzi zao, jasho lao na joto la miili yao vikaanza kuziharibu picha hizo. Mwani wa kijani ukaota ukutani. Mwaka 1963, waziri wa utamaduni, André Malraux, aliamuru pango lifungwe. Wanachoonyeshwa wageni siku hizi ni nakala: ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983, na ile kubwa zaidi, ambayo ndiyo niliyoizuru, Desemba 2016.

Wapo wanaonung'unika kwamba kutazama nakala ni kudanganywa. Mimi sikubaliani nao. Heri nakala iliyofanywa kwa uaminifu kuliko pango halisi lililouawa na mapenzi ya wageni. Kilichonitia simanzi ni jambo jingine. Waliochora mafahali wale walikuwa binadamu kama sisi. Hapana shaka waliongea, walitaniana, walikuwa na majina ya rangi zile na ya wanyama wale. Rangi imedumu. Katika lugha yao halijabaki hata neno moja.

Lugha, kwa hakika, ina njia zake za kujificha. Msomaji aangalie majina ya mahali: Montignac, Rouffignac, Sergeac, Padirac. Ule mwisho wa -ac ni masalio ya kiambishi cha Wagauli, waliokuwepo kabla ya Warumi, kilichoonyesha shamba au milki ya fulani. Lugha ya Wagauli ilikufa zamani, lakini hadi leo dereva wa basi huitamka kila anapotangaza kituo. Juu ya tabaka hilo kuna lugha nyingine, Kioksitani, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa na wakulima wa kusini. Jina lake linatokana na neno oc, yaani ndiyo. Watu wa kaskazini walisema oïl, ambalo baadaye likawa oui. Dante, yule mshairi wa Italia, aliyapambanua makundi hayo ya lugha kwa namna kila moja lilivyoitikia. Kioksitani kilikuwa lugha ya mashairi ya makasri katika karne ya 12, na mwaka 1904 Frédéric Mistral, aliyetunga kwa lahaja yake ya Provence, alipewa Tuzo ya Nobel.

Tuzo hiyo haikukiokoa. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, Kasisi Grégoire alikuwa amewasilisha ripoti bungeni akitaka lugha hizo zifutiliwe mbali ili Kifaransa kienee kote. Alikadiria kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakukijua kabisa Kifaransa. Kisha zikaja sheria za elimu za Jules Ferry za 1881 na 1882: shule bila malipo, kwa lazima, na kwa Kifaransa. Mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alipewa kitu cha aibu, pengine kipande cha mti au kiatu cha mbao, akivae shingoni mpaka amnase mwenzake na kumkabidhi. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Mara nyingi mwalimu aliyetoa adhabu hiyo alikuwa mwenyeji, naye alinyonya lugha hiyo hiyo kwa mamake.

Je, msomaji wa Kenya anahitaji kufafanuliwa zaidi? Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kibao hicho katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, akizungumzia shule za hapa hapa. Tulizoea kudhani kwamba ilikuwa hila waliyobuniwa Waafrika peke yao. La hasha. Ufaransa iliwavisha watoto wa wakulima wake wenyewe kibao cha aina hiyo, kisha ikakipeleka katika shule za makoloni yake Afrika Magharibi. Tofauti ni kwamba Mfaransa wa kijijini angalau aliambiwa kuwa lugha anayolazimishwa ni ya taifa lake. Sisi zipo shule zilizotuadhibu hata kwa kusema Kiswahili.

Nilikutana na mzee mmoja katika soko la Sarlat, akiuza jozi. Alinisalimia adiu, neno ambalo kwa Kioksitani wanaojuana hulitumia wanapokutana na wanapoagana. Nilipojaribu kumjibu kwa maneno machache niliyoyasoma vitabuni, alicheka, akaniambia kwa Kifaransa kwamba wazazi wake waliongea lugha hiyo wao kwa wao, lakini wanawe waliwasemeza Kifaransa tu, wasije wakapata taabu shuleni. Yeye huelewa kila kitu na hawezi kukamilisha sentensi. Katika isimu tunao msamiati mrefu wa kueleza hali hiyo. Yeye aliieleza kwa kuinua mabega.

Bunge la Ufaransa lilitia katika katiba mwaka 2008 kifungu cha 75-1, kinachosema kwamba lugha za kimaeneo ni sehemu ya urithi wa taifa. Mwaka 2021 bunge hilo hilo lilipitisha sheria ya kuzilinda, lakini Baraza la Katiba likakifuta kipengele kilichoruhusu masomo kufundishwa kwa lugha hizo kwa utaratibu wa kuzamisha. Shule za Calandreta, zilizoanzishwa na wazazi huko Pau mwaka 1979, ndizo zinazofundisha kwa utaratibu huo.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi Gedi muhula ujao, au kwenye makaya ya Wamijikenda, angeweza kuanza na jambo dogo. Kabla ya kusoma mabango, awaulize wazee wa hapo kila mti unaitwaje, kila lango linaitwaje, na wanafunzi wayaandike majina hayo daftarini kama yanavyotamkwa.