Sindano Mkobani, Macho Ziwani

Sisi wa Mbulu na Hanang tuko mbali na bahari, lakini fukwe tunazo. Tuna Ziwa Basotu lililokaa ndani ya kreta ya volkano, tuna Balangida yenye chumvi chini ya Mlima Hanang, na tuna Tlawi karibu na mji wa Mbulu. Wasafiri wa barabara kuu ya Babati hadi Singida huutazama mlima kupitia kioo cha basi na kuendelea na safari. Wenyeji nao tunafika ziwani kwa kunywesha ng'ombe, kununua samaki au kuchota chumvi, kisha tunageuza.

Mimi nimeyafahamu maziwa haya kwa kufuma. Nilifundisha sayansi kimu sekondari hadi nilipostaafu, na siku ninayokwenda kutembea kando ya maji sikosi donge la uzi na sindano mkobani. Mtu akifika mahali pazuri hana la kufanya, hupiga picha, hunywa soda, na baada ya muda mfupi anauliza gari la kurudi linapita saa ngapi. Mfumaji huketi akatulia. Mikono yake ina shughuli, macho yake yako huru, na mahali penyewe panapata muda wa kujionyesha.

Chukua mfano wa Basotu. Kutoka Katesh unapita katikati ya mashamba ya ngano yaliyofunguliwa miaka ya 1970 na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, katika malisho ambayo Wabarabaig waliyadai hadi mahakamani. Ukifika, viboko wamo majini, lakini mchana wamezama. Kinachobaki juu ni pua na masikio. Anayetupa jicho mara moja huondoka akisema hakuna kitu. Ninapofuma nina desturi moja: kila mwisho wa mstari nainua uso na kutazama maji kabla ya kugeuza kazi. Mstari wa kwanza naona mawimbi tu. Mistari kadhaa baadaye naona duara dogo la povu, kisha masikio mawili yanatikisa maji, kisha mgongo mzima. Tahadhari yake ni hii: keti juu, mbali na ukingo, na uondoke kabla jua halijazama, kwa maana jioni viboko hutoka kuja kula majani nchi kavu.

Sasa, si kila kazi inafaa kusafiri. Sweta lenye maua ya rangi nne, linalotaka uhesabu kila kitanzi kwenye karatasi, libaki nyumbani mezani. Kazi ya safari ni ile ambayo vidole vinaijua vyenyewe. Iwe ndogo, iishe au ikaribie kuisha siku hiyohiyo, na iwe ya donge moja la rangi moja. Mimi huchagua kofia ya mtoto mchanga. Huku kwetu kuna baridi. Mwezi wa Juni na Julai, Kainam au Mbulu mjini, ukungu wa asubuhi hauna huruma kwa kichanga. Mtoto aliyezaliwa karibuni hupoteza joto jingi kupitia kichwani, ndiyo maana hata wauguzi wanaowafundisha akina mama kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, husisitiza avae kofia.

Anayetaka kujaribu afanye hivi. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, anza na vitanzi 64. Fuma upindo wa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, upana wa vidole viwili, ili uvutike na kushika kichwa. Kisha fuma sare, mstari wa mbele na mstari wa nyuma, mpaka kazi ifikie kama sentimita 12 tangu mwanzo. Sehemu hii ndefu ya katikati ndiyo ya kufumia ziwani, kwa sababu haidai chochote isipokuwa mwendo wa mkono. Mwisho anza kupunguza: fuma vitanzi sita, unganisha viwili, rudia hadi mwisho, mstari unaofuata usipunguze, kisha vitano na kuunganisha viwili, na kuendelea hivyo hadi vibaki vitanzi vichache. Pitisha uzi ndani yake, kaza, shona mgongo. Ukitaka kukumbuka mistari, weka kokoto mfukoni na uzihamishe moja moja hadi mfuko wa pili.

Usidhani unahitaji vifaa vya gharama. Wengi wetu tulianza kufuma tukiwa watoto kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na masweta yalivaliwa. Kwa safari, sindano fupi ni bora kuliko ndefu, maana ndani ya Noah iliyojaa, sindano ndefu itamchoma jirani. Choma ncha zake kwenye kipande cha kizibo au gunzi la hindi. Donge liweke ndani ya mfuko wenye kamba, uzi utokee juu, lisije likabiringika vumbini.

Vumbi ni jambo la kuzingatia hasa ukienda Balangida. Ziwa lile ni la kina kifupi. Kiangazi maji hurudi nyuma, ukingo unabaki mweupe, na watu huchota chumvi. Upepo ukivuma, chumvi hiyo huingia kila mahali, na vidole vyenye jasho na chumvi hufanya uzi ukwame kwenye sindano. Chukua chupa ya maji ya kunawa na kitambaa kikavu, na fuma rangi iliyoiva, si nyeupe.

Nilikuwa nimekaa huko chini ya mti, Hanang iko mbele yangu, alipopita bibi mmoja wa Kibarabaig akiswaga ndama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaja akaketi. Alichukua ile kofia mkononi mwangu, akauvuta upindo, akauachia, akautazama unavyorudi. Akauliza ni ya mtoto wa nani. Nikamwambia mtoto bado, anatarajiwa. Basi akakunjua pindo la sketi yake ya ngozi akanionyesha safu za shanga, akizifuata kwa kidole mahali rangi inapobadilika na mahali ilipotengenezwa upya. Tungepishana njiani, salamu ingetosha. Kazi ya mkono ndiyo iliyomketisha, na yale niliyojifunza kuhusu sketi ile sikuyapata darasani miaka yote niliyofundisha ushonaji.

Hili la kufuma huku unatembea si letu peke yetu. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wanawake wa zamani walibeba mboji ya kuwashia moto kwenye vikapu mgongoni huku mikono ikifuma njia nzima. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, wakiwa wamekaa au wanatembea, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufumaji wa kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu. Vijana wa kiume wa Dongobesh na Haydom wanaoona haya kushika sindano wayasikie hayo.

Nina ombi pia kuhusu majira. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tangu hapo siuangalii mlima ule kama zamani. Bado ni mzuri, wenye urefu unaopita mita 3,400, lakini mvua kubwa zikianza usiende kuketi kwenye makorongo yanayotoka mlimani, na wala usisubiri kuambiwa uondoke. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia zinapitika na ardhi ni kavu.

Maziwa haya ni yetu, na hatuwezi kuyatunza tusipoyajua. Jumamosi ijayo mchukue binti au mjukuu wako, mkae ukingoni mwa Tlawi au Basotu kutwa nzima, umfundishe kuanzisha vitanzi, na kofia mtakayoimaliza mpelekeeni mama aliyejifungua karibuni mtaani kwenu.