Je, Wajua? Alinyongwa mapema, jukwaani akaishi

Je, wajua kwamba Kinjeketile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, hakuiona Vita ya Majimaji ikipamba moto? Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya mapigano kuanza.

Lakini katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), anaishi hadi wapiganaji wake wanaposhindwa. Tanzia inazaliwa hapo: anawaona walioamini maji yake wakiangushwa na bunduki.

Mandhari nayo inasema. Mchezo unafunguka nyumbani, wanawake wakizungumzia dhiki zao. Unafungwa gerezani. Humo Mjerumani anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Uwanja wa vita umeachwa nyuma, umati haupo tena, na kukataa kwa mfungwa mmoja kunabeba uzito wa vita nzima. Ni onyesho kali kuliko pigano lolote.

Kwa msomaji wa Rungwe vita ile yaweza kuonekana ya mbali, kwani Wanyakyusa hawakujiunga nayo. Hata hivyo, msomaji wa Tukuyu hahitaji kubuni ngome ya mkoloni: mji wake ulikuwa boma la Wajerumani, ukiitwa Neu-Langenburg.

Na katika *Juliasi Kaizari*, tanzia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963, je, shujaa naye anaishi hadi mwisho? Kaizari anauawa katikati, sehemu ya tatu kati ya tano. Muda mfupi baadaye umati wenye hasira unamuua mshairi Cinna, kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji.

Walimu wa Rungwe, msiishie kuzisoma tamthilia hizi. Wapeni wanafunzi jukwaa.