Muziki uko hewani, fedha ziko getini

Ukiiacha lami pale Mto wa Mbu na kushika njia ya vumbi kwenda Ziwa Natron, redio ya gari haikatiki ghafla. Stesheni za Arusha huanza kukwaruza, zinarudi kidogo gari likipanda kilima, zinazama tena korongoni, na kabla hujaufikia mlima Kerimasi dereva anakuwa ameshachoka kuhangaika na kitufe. Anachomeka flashi. Kuanzia hapo hadi Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, mnasikiliza nyimbo zilizonunuliwa kwenye kibanda cha kuingiza muziki: Bongo Fleva, injili ya Kimaasai, na zilipendwa za bendi ambazo wanamuziki wake wengi tumeshawazika.

Flashi ile ndiyo mshindani mkubwa wa redio jamii katika ukanda huu, tena ni mshindani anayelipwa papo hapo. Kijana wa kibandani anataja bei, anajaza nyimbo, anapokea chake. Redio inatoa muziki huohuo bure, saa nenda saa rudi, kisha haijui mafuta ya jenereta ya wiki ijayo yatatoka wapi.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayopandisha gharama kabla hata mtangazaji hajafungua mdomo. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima, nyuma yake panabaki kivuli. Ziwa Natron liko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Magharibi umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, na juu ya ukuta huo ndiko ziliko nyanda za Loliondo. Kusini iko Lengai yenye mita 2,962, na mashariki Gelai, nayo ikikaribia 3,000. Engaresero imekaa shimoni. Kwenye tambarare mnara mmoja unaweza kuhudumia tarafa nzima. Huku kila kivuli kinadai mnara wake, na kila mnara unadai umeme, mlinzi, fundi na gari la kumfikisha fundi huyo.

Wazee wa huku hawakuwa na tabu hiyo. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilirusha matangazo kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo huivuka milima ambayo FM haiwezi kuivuka. Ndiyo maana utamkuta mzee mfugaji asiyewahi kuingia ukumbi wa dansi maishani mwake, lakini ukimtajia Morogoro Jazz au NUTA Jazz anajua unazungumzia nini. Alizisikia malishoni, kwenye redio ya betri. Kwetu neno jazz halikuwa na maana ya saksafoni za New Orleans; lilikuwa jina la bendi ya dansi, na bendi ya dansi ilikuwa sauti ya redio ya taifa. Kwa hiyo redio jamii ya Ngorongoro ikitenga saa moja ya jazz haileti kitu kigeni. Inamrudishia mzee yule kitu alichokuwa nacho kabla masafa hayajabadilika.

Nani alilipia muziki ule? Hapa pana somo la biashara ambalo halisemwi vya kutosha. Bendi nyingi zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukitangaza kiwanda na bidhaa zake. Magitaa yalikuwa mali ya mwajiri, mwanamuziki akiwa na mshahara. RTD ilirekodi na kuzipiga nyimbo hizo kwa miongo, na kwa kuwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, ghala lake la kanda likawa hazina ya muziki wa nchi nzima. Sifa zilikwenda kwa bendi. Kanda zikabaki kwenye ghala la redio.

Santuri ni hadithi nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, hivyo aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mkoa wa Arusha unalijua hili kwa uchungu wake. Mwaka 1970 Wilson Kinyonga na mdogo wake George, wana wa Tanga waliokuwa wametoka Jamhuri Jazz, walikuwa mjini Arusha wakipiga na Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka. Huko Nairobi kulikuwa na kampuni za kurekodi, baa zilizotaka bendi kila wikiendi na redio iliyopiga santuri mpya, na huko ndiko dunia ilikowajua kwa jina la Simba Wanyika. Matawi ya shina lile, Les Wanyika na mengine, yamelisha masikio ya Afrika Mashariki hadi leo. Sehemu ya mbegu ilioteshwa Arusha. Arusha haikuwa na sehemu ya kuvunia.

Nimeirudia hadithi hiyo kwa sababu inaendelea, safari hii bila magitaa.

Jioni moja kambini Engaresero niliwatazama vijana wakiwaimbia wageni. Walijipanga nusu duara, Lengai ikizama gizani nyuma yao. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, alitoa mstari mmoja mrefu kwa sauti ya juu, kisha wenzake wakaingia na ule mngurumo wa kooni unaotoka na pumzi, shingo zikienda mbele na kurudi pamoja. Juu ya mngurumo huo olaranyani akaanza kucheza na maneno: akaongeza, akakata, akamtaja mtu, akayakwepa mapigo na kuyarudia pale ambapo hukumtarajia. Anayesikiliza jazz ya Marekani angekitambua kitendo hicho mara moja. Ni mpiga solo juu ya wenzake walioshika mapigo. Wageni walinyanyua simu zao wakarekodi mwanzo hadi mwisho. Shanga zikauzwa kidogo, noti zikaingia mkononi mwa mmoja wao ili zigawanywe, magari yakaondoka alfajiri. Rekodi nzuri za wimbo ule ziko kwenye simu za watu ambao hawatarudi. Sikuona hata moja iliyobaki kijijini kwa namna ambayo redio ingeweza kuitumia.

Sasa fungua daftari la mapato la redio jamii ya wafugaji. Kuna matangazo ya vifo, ya ng'ombe waliopotea, ya mnada na ya mikutano ya kijiji. Kuna kadi za salamu. Kuna tangazo la mara mojamoja la kampuni ya simu au duka la dawa za mifugo. Kilichobaki, na mara nyingi ndicho kinacholipia umeme, ni vipindi vinavyodhaminiwa na mashirika: afya ya mama na mtoto, chanjo, haki za ardhi, mabadiliko ya tabianchi. Ni vipindi vyema na vinaokoa maisha. Lakini mdhamini ananunua mada yake, hanunui muziki. Muziki unapangwa kujaza nafasi kati ya mada na mada, unapigwa na kijana wa kujitolea anayepewa nauli, na kile ambacho msikilizaji amewashia redio ndicho kisichoingiza hata shilingi.

Redio ya Orkonerei ilikataa kuutegemea mfumo huo peke yake. Ipo Terrat, wilayani Simanjiro, na ilianza kurusha matangazo mwaka 2002, miongoni mwa redio jamii za mwanzo kabisa nchini. Mwanzilishi wake, Martin Saning'o Kariongi, aliiweka ndani ya taasisi yenye shughuli nyingine, zikiwemo usindikaji wa maziwa yanayonunuliwa kwa wanawake wa Kimaasai na uzalishaji wa umeme. Hesabu yake inaeleweka kwa mfugaji yeyote: usimkamue ng'ombe mmoja kila siku. Wilayani Ngorongoro kwenyewe ipo Loliondo FM, iliyopata msaada wa UNESCO kama redio jamii kadhaa nchini. Msaada wa kuanzia hununua mitambo. Miaka inayofuata, wakati betri zinachoka na fundi yuko Arusha, kila redio inabaki na daftari lake.

Ninachokisema katika makala haya ni kimoja: redio hizi zinauza bidhaa isiyo na wanunuzi, dakika za matangazo, huku zikiwa zimekalia bidhaa yenye wanunuzi, ambayo ni sauti za mahali zilizorekodiwa vizuri na kwa ridhaa. Wanunuzi hao wanapita mbele ya mlango. Ngorongoro-Lengai ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki ya dunia mwaka 2018, ikijumuisha maeneo ya wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Mgeni anayekwenda Natron analipa getini, analipa kambi, analipa kiongozi wa kumpandisha Lengai usiku, na anataka kuziona nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhiwa kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Mahali pote hapo kuna kitu cha kulipia. Kwenye wimbo hakuna stakabadhi.

Watu wa New Orleans walilitatua tatizo linalofanana na hili kwa njia inayofaa kuangaliwa. Redio yao ya jamii, WWOZ, ilianza mwaka 1980 ikipiga jazz na muziki wa mji ule kwa watangazaji wa kujitolea. Haikuachwa ihangaike peke yake: leseni yake ilikuja kuwa chini ya taasisi ileile inayomiliki tamasha kubwa la jazz la mji huo. Redio inalikuza tamasha na wanamuziki mwaka mzima, tamasha linaleta wageni, na wasikilizaji wanachangia kwa hiari. Engaresero haiwezi kuwa New Orleans na haina haja. Lakini kanuni inahamishika: aliye na geti na aliye na kipaza sauti wakae meza moja. Sehemu ndogo ya fedha za getini ingeweza kulipia rekoda nzuri, fundi mmoja wa sauti na kipindi cha kila wiki cha nyimbo za Wamaasai wa Natron, Wasonjo wa jirani, Wairaqw wa Karatu, Wahadzabe na Wadatoga wa Eyasi. Kipindi kirushwe hewani kwanza, kwa wenyewe. Rekodi hizohizo ziuzwe kambini na hotelini, zikiwa na jina la mwimbaji.

Jina ndilo gumu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda sanaa za jadi, na ruhusa ya kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake inapitia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Hilo ni sawa kwa wimbo ambao hakuna ajuaye nani aliutunga. Lakini yule olaranyani niliyemsikia hakuwa akirudia kitu cha mababu neno kwa neno. Kiini ni cha ukoo mzima. Mistari aliyoipachika usiku ule ni yake. Kumwandika kuwa "jadi" ni kumnyang'anya alichotunga, na kumwandika kuwa mmiliki pekee ni kuwanyang'anya wenzake walioshika mngurumo. Ni suala la kukaa na viongozi wa jadi, laigwanani, pamoja na wanawake wenye nyimbo zao na vijana, na kulimaliza kwa maandishi kabla rekoda haijawashwa.

Kuchelewa kuna bei inayoonekana. Tangu mwaka 2023 serikali imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa, ili sehemu ya fedha hizo iwafikie wenye kazi. Yaani hata flashi ya dereva wetu wa Mto wa Mbu ni sehemu ya soko linalolengwa na tozo hiyo. Lakini mgawo humfikia mwenye kazi inayojulikana, iliyosajiliwa, yenye jina. Mwanamuziki wa Dar es Salaam mwenye meneja atajisajili. Wa Engaresero atasajiliwa na nani, kama si redio yake?

Fomu yenyewe inatosha kwenye ukurasa mmoja. Juu, jina la wimbo kama wanavyouita wenyewe na tukio linaloimbiwa, maana kuna nyimbo za mvua ambazo wanawake hawatakubali zipigwe kiangazi kwa ajili ya mgeni, na fomu iwe na mahali pa kulisema hilo. Tarehe, boma, aliyerekodi. Jina la olaranyani. Kisha mistari mingi kuliko ambayo karani yeyote angeiacha, kwa ajili ya majina ya wanaoitikia, mmoja baada ya mwingine, hadi yule wa mwisho pembeni ya nusu duara, na mbele ya kila jina nafasi ya dole gumba.