Waliolala Nyumbani: Idadi ya Watu na Mapato ya Kaya Matinyani

Katika lugha ya takwimu nchini Kenya, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Kwa Wamijikenda wa pwani neno hilo hilo ni makao ya kale ya msituni, lakini hayo ni mjadala mwingine. Mkamba wa Matinyani anapotaja musyi, yaani nyumbani, humaanisha jambo pana kuliko kaya ya karani wa sensa: mwana aliyeajiriwa Mombasa miaka kumi bado ni wa musyi, ingawa sahani yake haipo jikoni. Makala haya yanaeleza jinsi pengo hilo la maana linavyogusa hesabu ya watu na ya fedha.

Matinyani ni wadi katika eneo bunge la Kitui Magharibi. Wenyeji hulima mahindi, kunde, mbaazi na ndengu kwa kutegemea misimu miwili ya mvua, na ule wa Oktoba hadi Desemba ndio unaoaminika zaidi. Msimu ukikosa, huuzwa mbuzi. Mbuzi wakiisha, mtu husafiri.

Safari hizo zina historia ndefu. Wakamba huzipa njaa majina, na ile ya 1984 iliitwa Nikw'a ngwete, maana yake ninakufa hali nimeshika, yaani fedha zimo mkononi lakini chakula hakinunuliki. Jina hilo ni ushahidi kwamba kufikia wakati huo fedha zilikuwa zimekwisha kuingia nyumbani kutoka nje ya shamba. Njaa ilifichua tu kwamba fedha pekee hazishibishi.

Sensa za Kenya huwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187, kutoka 1,012,709 mwaka wa 2009. Ongezeko hilo ni kama asilimia 12, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 23. Wanawake walikuwa 587,151 na wanaume 549,003. Kwa kila wanaume 100 palikuwa na wanawake wapatao 107, ambapo kitaifa ni 102. Kupungua kwa uzazi kuna sehemu yake katika kasi hiyo ndogo, lakini hakuelezi kwa nini wanaume ni wachache kiasi hicho. Wengi wao walilala kwingine.

Mapato nayo yana sura hiyo hiyo. Ndengu huuzwa, viondo vya mkonge husukwa, na makaa yalikuwa tegemeo la wengi kabla ya serikali ya kaunti kupiga marufuku usafirishaji wake nje ya kaunti mwaka wa 2018. Hata hivyo, karo na bati la nyumba mara nyingi hutoka kwa aliye mjini. Zamani alizituma fedha kwa bahasha mkononi mwa utingo. Tangu 2007 huzituma kwa M-Pesa. Mama anayezipokea huandikwa mkuu wa kaya, ingawa uamuzi wa kuuza ng'ombe huenda bado ukasubiri simu kutoka Nairobi.

Jambo hili si la istilahi tu. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa fedha kwa kaunti, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45. Katika ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka wa 2020, asilimia 18. Kwa hiyo asiyelala Matinyani usiku huo huongeza fungu la kaunti alikolala, huku watoto wake wakisoma na kutibiwa Kitui. Mtu anaweza kudai kwamba hiyo ni haki, kwa kuwa barabara anayoitumia kila siku iko huko. Lakini lau karani angebisha hodi wakati wa Krismasi, wakati mabasi ya Kitui yamejaa hadi pomoni, angehitaji karatasi zaidi.