Picha Ikipunguzwa, Nani Huamua Kinachobaki?

Stika ya WhatsApp ni mraba wa pikseli 512 kila upande. Mchoraji aliyeitengeneza huenda alianza na mraba wa pikseli 2048, wenye nukta za rangi zaidi ya milioni 4. Stika hubeba nukta 262,144 tu. Kwa hiyo kila nukta 16 za mchoro wa awali lazima ziwe moja. Kope, nyuzi za nywele na herufi nyembamba huingia katika hesabu hiyo, na nyingine hazitoki. Lawama huangushiwa simu au mtandao, ilhali mara nyingi picha imeharibika kabla haijatumwa, pale mchoraji alipoiachia programu iamue peke yake.

Programu ina njia kadhaa za kuamua. Iliyo nyepesi kuliko zote huchukua nukta moja iliyo karibu na kuzitupa zilizobaki. Mstari wa pikseli moja ukiangukia nukta iliyochukuliwa, unapona. Ukipita pembeni, unafutika. Njia nyingine huchukua wastani wa nukta jirani: mstari hautoweki, ila weusi wake hufifia ukawa kijivu. Kwa picha za kawaida wengi hupendelea baikyubiki, njia ambayo Robert Keys aliichambua mwaka 1981, au Lanczos, yenye jina la mwanahisabati Cornelius Lanczos, mzaliwa wa Hungaria. Hizi huzipa nukta za karibu uzito mkubwa na za mbali kidogo uzito hasi, hivyo kingo za mchoro hubaki kali. Gharama yake ni mng'ao mwembamba unaoweza kujitokeza kando ya mistari.

Mapambo yanayojirudia, kama ususi wa mkeka au mistari ya shati, yana mtego wake. Nadharia iliyoelezwa na Claude Shannon mwaka 1949 inadai zaidi ya nukta mbili kwa kila mzunguko wa pambo. Zikipungua hapo, yanazuka mawimbi mapana ambayo hayakuwahi kuwepo kwenye shati. Dawa ni kuufifisha mchoro kidogo kwanza, ndipo upunguzwe. Vichujio vizuri, yaani njia za kupunguza kama Lanczos, hufanya hivyo vyenyewe.

Hata wastani wenyewe una kosa lililojificha. Katika mfumo wa rangi wa sRGB, nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255, lakini namba hizo hazipandi sambamba na mwanga. Programu nyingi zikichanganya nyeusi na nyeupe nusu kwa nusu huandika 128, namba inayotoa takriban sehemu moja ya tano tu ya mwanga wa nyeupe. Nusu ya mwanga iko karibu na 188. Ndiyo maana anga la usiku lenye nyota ndogondogo huzidi giza likipunguzwa. Baadhi ya programu zina mpangilio wa kukokotoa kwa mwanga halisi; ukiwepo, uwashwe.

Sanaa ya pikseli, ile ya michezo ya zamani ya video, inapindua sheria hizi. Hapo kila nukta imewekwa kwa makusudi, na wastani wowote huleta ukungu. Ikuzwe kwa njia ile nyepesi, mara 2, 3 au 4 kamili. Ukikuza mara moja na nusu, nukta moja inanenepa, jirani yake inabaki nyembamba, na uso wa mhusika unapotoka.

Baada ya ukubwa huja aina ya faili. JPEG, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 1992, hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha kwa hesabu ambayo Nasir Ahmed na wenzake waliichapisha mwaka 1974 hutenganisha mabadiliko mapana na madogomadogo. Hayo madogo ndiyo hupunguzwa au kutupwa. Picha ya mandhari huficha hasara hiyo. Nembo huota vumbi kuzunguka kila herufi. Kuihifadhi JPEG upya baada ya kila rekebisho ni kutoa fotokopi ya fotokopi. PNG, iliyotoka mwaka 1996, hubana bila kupoteza nukta hata moja, kwa hiyo inafaa michoro yenye rangi bapa. Na ukiituma WhatsApp kama picha, itabanwa tena. Itume kama waraka ifike ilivyo.

Lakini upo udogo usiookolewa na kichujio chochote. Susan Kare alichora aikoni za Macintosh ya mwaka 1984 katika mraba wa pikseli 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe, akianzia kwenye karatasi ya mirabamiraba. Huko Japani, mwaka 1999, Shigetaka Kurita aliunda emoji 176 za kampuni ya NTT DoCoMo kwa pikseli 12 kwa 12; mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliziingiza katika hazina yake. Wote wawili walichora kwa kipimo kilekile ambacho mtazamaji angekiona.

Mchoraji wa leo naye atunze faili asili, na kila kipimo akitoe humo moja kwa moja, si kwenye nakala iliyokwisha kupunguzwa. Anoe kingo kidogo, kisha aitazame picha kwenye simu kwa ukubwa wake halisi. Uso usipotambulika kwa pikseli 32, achore upya: aondoe kope, anenepeshe mistari, abakize macho na mdomo. Programu haijui kwamba macho ni muhimu kuliko vifungo vya shati. Yeye anajua.